Harufu ya Petroli kwenye Gari la Mama Mwende

Kila nikikutana nanyi vijana mnaosomea ufundi wa magari, mnaniuliza jambo lile lile: mzee Salehe, mlikuwa mnajuaje? Gari linaingia gerejini, mwenyewe hajui lina nini, fundi analizunguka mara mbili, anainama, anasema tatizo liko hapa. Mnadhani ni kipaji. Mimi nimeifanya kazi hii kwa miaka thelathini na minane, kumi Tanga na iliyobaki hapa Birmingham, na niwaambie ukweli kwamba muda mwingi sikujua. Muda mwingi nilikuwa nimesimama na spana mkononi, nimechanganyikiwa, najifanya nafikiri.

Katika magonjwa yote ya gari, ulionisumbua zaidi ni harufu ya petroli. Gari likipiga kelele, kelele ina mahali pake, unatega sikio na kuisogelea. Maji yakivuja utayaona sakafuni. Harufu haina nyumba. Petroli inavuja nyuma, dereva anaisikia mbele miguuni, kwa sababu gari likienda hewa huzunguka humo ndani inavyotaka. Na tone la petroli hukauka kabla hujainama kulitafuta. Unabaki na maneno ya mwenye gari tu, na mimi, Mungu anisamehe, maneno ya wenye magari nilikuwa siyaamini sana.

Aliyenifundisha kutafuta harufu alikuwa Ken, mzungu wa hapa hapa, mkuu wa mafundi katika gereji yangu ya kwanza, mtaa wa Saltley. Mtu mfupi, mkimya, chai haimwishi mkononi. Nilikuwa na miezi mitatu hivi pale alipokuja dereva wa teksi kutoka Balsall Heath, gari lake linanuka petroli. Nikatoa viti, nikabadili paipu mbili ambazo hazikuwa na kosa lolote, siku mbili zikaisha. Ken akaja, hata boneti hakufungua. Akamwuliza dereva, "Harufu inakuja lini?"

"Jumatatu."

"Jumapili huwa unafanya nini?"

Ikaja kuonekana kwamba kila Jumapili yule bwana anakwenda kumkatia mama mkwe wake majani, na mashine ya kukatia, ya petroli, anailaza kwenye buti. Ken akarudi kwenye chai yake. Baadaye akaniambia, "Salehe, usiulize harufu iko wapi. Uliza inakuja lini." Niliyaandika maneno hayo kwa kalamu nene ndani ya mlango wa kabati langu la spana. Nikawa nayasoma kila siku, mpaka ikafika wakati nikawa siyaoni tena, kama mnavyoacha kuuona ukuta wa chumba chenu.

Kipimo changu chenyewe kilikuwa pua. Tanga nilianza enzi za kabureta, tukinyonya petroli kwa mpira mdomoni bila hata kufikiria, na fundi aliyenilea alikuwa akinusa moshi wa gari na kukwambia injini inakula oili au inakula mafuta mengi. Nami nikawa hivyo. Nikishatengeneza kitu chochote cha mafuta, kazi ya mwisho ilikuwa moja: nafunga milango yote ya gari, nakaa ndani, nanusa. Kusipokuwa na harufu, natoa ufunguo, kazi imekwisha. Mashine za kupima mvuke wa petroli zilipokuja nilizicheka. Mtu ananunuaje pua wakati amezaliwa nayo?

Sasa niwaeleze habari ya Mama Mwende.

Huyu ni Mkenya, Mkamba wa Machakos, na kazi yake ni kuwatunza wazee majumbani mwao kule Sutton Coldfield. Asubuhi anamwogesha huyu, mchana anampa yule dawa, jioni anamlaza mwingine. Kazi hiyo bila gari haifanyiki. Alikuwa na gari dogo jekundu, la zamani lakini zima, na tangu alinunue fundi wake nilikuwa mimi. Wakati huo nilikuwa gereji ya Bwana Tariq, jirani na reli, Saltley hiyo hiyo. Kwenye mwezi wa pili pampu yake ya petroli ilikufa, nikambadilishia. Mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka kitandani baada ya mafua mabaya yaliyonilaza wiki mbili, bado miguu mizito, lakini kazi niliimaliza, nikakaa ndani ya gari, nikanusa, nikampa ufunguo.

Katikati ya mwezi wa tatu, siku ya Jumanne, akarudi.

"Mzee Salehe, hii gari inanuka petroli."

Nikafungua boneti. Nikainamisha pua kila mahali, nikazunguka nyuma, nikaingia ndani. Hakuna kitu. "Mimi sisikii harufu yoyote," nikamwambia.

"Husikii?" Alinitazama kama mtu anayedhani anataniwa. "Lakini inanuka sana, mzee. Tangu ile siku..."

Nikamkatiza. Vijana, liwekeni akilini jambo hilo, maana nimelirudia usiku na mchana tangu hapo: nilimkatiza. Nikamwambia labda alimwagikiwa viatuni alipokuwa akijaza. Akaondoka.

Wiki iliyofuata, Jumanne tena, akaja na maneno yale yale. Safari hii nikatafuta kwa macho, nikaona paipu moja karibu na injini imelowa. Ilikuwa imelowa oili, lakini nilijishawishi kwamba ni petroli, kwa sababu nilitaka kuwa nimepata kitu. Nikaibadilisha. Nikakaa ndani, nikanusa, safi. Akanishukuru sana, na nikafurahi kushukuriwa.

Mara ya tatu, Jumanne nyingine, hakushuka kwenye gari. Alikaa pale pale kwenye usukani, akaniambia mambo ambayo hakuwa ameniambia kabla.

"Mzee mmoja ninayemtunza ameniuliza kama siku hizi ninauza petroli. Nikacheka. Kanisani, mama aliyekaa karibu na mimi amehama kiti. Hiyo pia nikanyamaza. Lakini kuna mzee mwingine anatumia mashine ya oksijeni, na binti yake amepiga simu ofisini. Amesema nisiingie tena kwa hiyo nyumba, nguo zangu zinanuka petroli na nitawachoma. Supavaiza ameniandikia barua, mzee. Nguo nafua kila siku. Hata nywele naosha."

Nikaingia ndani ya gari, nikavuta pumzi mpaka kifua kikauma. Sikusikia chochote. Nikamtazama huyu mama, mtu mwenye akili zake timamu, ninayemfahamu miaka mingi, na kichwa changu kikawa hakielewi kabisa. Watu watatu wanne wanasema kuna harufu. Pua yangu inasema hakuna. Na mimi nikaiamini pua yangu.

Nikamwambia, "Mama Mwende, usinielewe vibaya. Uchovu nao unaleta mambo. Nenda ukaonane na daktari akupime pua."

Akapandisha kioo, akarudi nyuma taratibu, akaenda zake.

Ilikuwa Ijumaa ya wiki ile ile alipokuja tena. Alishuka, akaniwekea ufunguo mkononi.

"Nimeenda kwa daktari vile ulisema. Amenipima. Amesema pua yangu iko sawa kabisa." Hakupandisha sauti hata kidogo. "Sasa nakuachia hii gari. Nimejaza tangi jana jioni kwa sababu nilikuwa na kazi ya wikendi, lakini hiyo kazi wameipatia mtu mwingine. Nitapanda basi. Siiendeshi tena mpaka uniambie imekuwa nini."

Nikaliingiza gari ndani.

Jumamosi asubuhi nilifika peke yangu. Kulikuwa na baridi, nikaliacha lile pazia la chuma la gereji limeshuka, nikachemsha chai, nikaingia na kikombe changu ndani ya gari la Mama Mwende na kufunga milango. Nilikusudia kukaa humo nusu saa nzima. Kama kuna harufu, nusu saa inatosha kuniletea. Baada ya robo saa hivi vidole vikaanza kufa ganzi, nikapeleka mkono kwenye ufunguo niwashe injini, nipate joto kidogo.

Mlango mdogo wa pembeni ukafunguliwa. Alikuwa Bwana Tariq, na kama kawaida yake ana sigara. Hakuingia. Alisimama kizingitini, akarudi hatua mbili, akaitupa sigara mbali kule nje barabarani.

"Salehe," akasema. "Toka humo. Taratibu. Usiguse swichi yoyote."

Nikatoka na kikombe changu. Akanishika mkono, akanivuta mpaka nje, kisha akaingia amebana pumzi na kulivuta lile pazia la chuma mpaka juu. Alipotoka alikuwa amebadilika rangi.

"Unataka kufa?" akaniuliza. "Petroli imejaa humo ndani. Nimeisikia kabla sijafungua mlango vizuri."

Nilidhani ananitania. Nikasogea mpaka mlangoni, nikavuta hewa kwa nguvu. Ilikuwa baridi, basi. Hewa baridi, kama hewa ya juu ya kilima. Nikamgeukia, nikamwona anavyonitazama, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa, ingawa bado sikujua ninaogopa nini. Nikawaza labda yeye na Mama Mwende wana ugonjwa mmoja. Niliwaza hivyo kweli. Mtu akichanganyikiwa hushika chochote kilicho karibu, mradi kisimguse yeye.

Nyumbani nikamweleza mke wangu, Bi Zuhura. Akanisikiliza, kisha akasema, "Salehe, una miezi miwili unanilalamikia chakula. Mara pilau haina viungo, mara samaki hana ladha. Nilidhani umenichoka mimi."

Akaniketisha jikoni, akanifunga macho kwa mtandio wake. Nikasikia anafungua makabati. "Hiki nini?"

"Bado hujaleta."

"Kiko puani pako."

Nikajaribu tena. "Sijui."

"Na hiki?"

"Sijui, Zuhura."

Aliponifungua nikaona mezani kuna karafuu, kitunguu saumu kilichopondwa, na chupa ya siki imefunguliwa. Tukavitazama wote wawili kama watu waliopokea barua ya lugha wasiyoijua. Mke wangu alianza kulia kidogo, kisha akacheka, kwa sababu kumbe mapishi yake hayakuwa na kosa.

Mtaniuliza, inawezekanaje mtu asijue? Nami najiuliza mpaka leo. Kiziwi huona midomo ya watu ikicheza, akajua kuna kitu kinampita. Lakini pua ikifa hakuna dalili yoyote. Dunia nzima inakuwa safi tu, na wewe unafurahia usafi huo. Daktari aliniambia ni yale mafua. Baadaye ilirudi nusu, tena imerudi vibaya: kahawa inaninukia kama mpira unaoungua, na sabuni naisikia kama samaki. Nilifanya kazi miaka mitatu zaidi kabla ya kustaafu, na miaka yote mitatu nilitembea na ile mashine ya kupimia niliyokuwa nikiicheka.

Jumapili nikampigia Mama Mwende. Nikamwambia gari lina harufu, ni kali, na asiyesikia ni mimi. Nikamwambia nimekosa.

"Kwa hivyo mimi si mgonjwa," akasema.

"Wewe si mgonjwa."

"Na wewe, mzee? Uko sawa?"

Sikuwa nimetegemea swali hilo. Nikamwambia sijui.

Jumatatu alikuja kwa basi. Nilikuwa nimekwisha kulisukuma gari nje kwenye hewa, nimetoa nyaya za betri, na nimemwomba Bwana Tariq akavutie sigara zake mtaa mwingine. Nikamwambia Mama Mwende, "Leo wewe ndiye pua, mimi ni mikono." Na hapo, kwa mara ya kwanza katika safari zote alizokuja, nikamwuliza swali la Ken. Harufu inakuja lini?

Akafikiri. "Ijumaa ndiyo mbaya kabisa. Jumamosi pia. Ikifika Jumanne imepungua, karibu iishe."

"Na petroli unajaza lini?"

"Alhamisi jioni. Najaza yote, ndiyo nimalize wiki."

Mnaona? Kila Jumanne alipokuwa akiniletea, tangi liko chini ya nusu, na Ijumaa alipokuwa akiteseka limejaa mpaka shingoni. Harufu inayokuja tangi likijaa haitoki kwenye injini. Inatoka juu ya tangi: kwenye paipu ya kujazia, au pale pampu ilipofungwa. Mtoto wa mwaka wa kwanza chuoni angeniambia hivyo.

"Na ilianza lini?"

Akasema kwa upole, "Nilitaka kukuambia hiyo siku ya kwanza. Tangu ulipoweka pampu."

Nikainua kiti cha nyuma. Chini yake kuna kifuniko, na chini ya kifuniko ndipo kichwa cha pampu kilipo, kimebanwa na pete kubwa juu ya tangi. Nilimwomba ainame. Akainama, akakunja uso, akarudi nyuma. "Hapo. Hapo kabisa." Nikapitisha karatasi nyeupe kuizunguka pete, upande mmoja ikalowa. Nikafungua. Mpira unaokaa kati ya pampu na tangi ulikuwa umetoka kwenye mfereji wake, umekunjika, umebanwa mpaka umekatika. Mkono uliouweka hivyo ulikuwa wangu.

Sikilizeni niwaambie namna ya kuuweka, kwa sababu hili linawapata mafundi wengi. Mpira wa zamani usiurudishe kamwe, maana petroli huufanya uvimbe, na ukishavimba hauwezi kukaa tena mahali pake. Safisha mfereji kwa kitambaa, mchanga usidondokee tangini. Mpira mpya uketi kwanza peke yake kwenye mfereji, uuzungushe kidole uhakikishe umelala wote. Ndipo ushushe pampu, na uikandamize kwa mkono mmoja wakati mwingine unazungusha pete. Usiiachie pete kazi ya kukandamiza, na usiigonge kwa nyundo na bisibisi kama tulivyofanya wengi wetu. Mwezi wa pili niliigonga. Nilikuwa nimechoka, nilitaka kurudi kitandani, na nilijua kuna pua itakayonionyesha kama nimekosea.

Nikaweka mpira mpya. Mama Mwende alilipeleka gari kujaza tena mpaka pampu ya kituo ikajikata yenyewe, mimi nimekaa pembeni yake. Tukazunguka Saltley, tukapita msongamano wa Alum Rock Road tukifunga breki kila baada ya hatua chache, na hilo lilikuwa jema, petroli icheze humo tangini ioneshe kama ina pa kutokea. Nilikuwa nikimtazama pua yake kwa jicho la pembeni kama mgonjwa anavyomtazama daktari anayesoma majibu. Tuliporudi akasema petroli iliyoingia kwenye zulia bado inanuka, hawezi kujua harufu ipi ni mpya na ipi ni ya zamani. Basi nikalitoa zulia la nyuma lote, nikalifungia gari ndani ya gereji na tangi lake limejaa, milango imefungwa, mpaka kesho yake.

Alifika saa mbili asubuhi, amevaa sare ya kazi. Tulisimama mlangoni, mimi na Bwana Tariq. Mashine sikuwa nayo bado. Nikamwomba Tariq anuse, akakataa. Akasema, "Gari lake, pua yake. Mwache aamue mwenyewe."

Mama Mwende akafungua mlango, akaingia, akaufunga. Akakaa kwenye usukani, mikono mapajani. Niliona mabega yakipanda anapovuta pumzi. Akageuka nyuma, akainama kule kwenye kiti, akarudi kukaa. Kisha akaweka uso kwenye viganja vyake, na mabega yakaanza kutikisika.

Analia. Mimi niko nje ya kioo, na sikujua kama analia kwa sababu harufu ipo au kwa sababu haipo. Miaka thelathini na mitano kwenye kazi, na hilo lilinishinda. Nilivuta pumzi kwa mazoea, nikapata hewa tupu. Hakukuwa na la kufanya ila kusubiri aniambie, na safari hii nikasubiri bila kumkatiza.

Akateremsha kioo.

"Hakuna, mzee," akasema. "Hakuna kabisa."

Akawasha gari, akaenda kazini.